Santuri Kumi na Nne za Kijiko

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana, Jumamosi moja ya Agosti 1957, Elifazi alipotoka kwenye chumba cha Naftali ameikumbatia albamu yetu kifuani kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Saa naijua kwa sababu wakati huohuo treni ya mizigo ya kwenda Kisumu ilipiga honi, na Naftali, ambaye kazi yake ilikuwa reli, alitoa saa yake mfukoni kama alivyofanya kila honi ilipolia, akasema, "Imechelewa dakika tano." Kisha akamwambia Elifazi, "Shika na chini, bwana. Hizo si sahani za chuma." Elifazi akacheka, akasema, "Mimi nauza santuri kila siku, wewe unanifundisha kuzishika?" Akashuka ngazi mbili za saruji, akakata kona kwenye bomba la maji, akaenda. Sikuiona tena albamu hiyo ikiwa mali yetu na ikiwa nzima kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita tumemzika Elifazi kule Lanet, kwenye shamba alilonunua baada ya Uhuru. Aliyesoma historia ya maisha yake alisema kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza Nakuru kumiliki santuri zote za Bwana Kijiko, na kwamba alizikusanya peke yake, kwa jasho lake. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nikahesabu makosa matatu katika sentensi moja. Mwanawe, kijana mwenye adabu, akanijia ameinama. "Mzee Samweli, utatusemea neno kidogo? Tunasikia mlijuana na baba zamani." Nikasimama. Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini na miwili, nikatoa manne tu: "Marehemu alipenda vitu visafi." Nikaketi. Nyuma yangu mwanamke mmoja akakohoa ndani ya leso, kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi, na kabla sijageuka nilijua ni Roda. Nitamrudia Roda. Kwanza niandike mambo yalivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu marehemu amepewa historia yake na mimi sioni kwa nini nisitoe yangu.

Tulikuwa watatu: mimi, Naftali na Roda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikipiga polishi kwenye karakana ya Mistri Gurdial, Kalasinga aliyetengeneza meza na makabati ya masetla. Naftali alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo, na chumba chake katika nyumba za reli ndicho kilichokuwa ukumbi wetu. Roda alikuwa yaya kwa Wazungu wa Milimani. Chumba kile ningeweza kukichora leo nikiwa nimefumba macho: kuta za chokaa, kitanda cha chuma, sanduku la buluu lililokuwa meza, dirisha moja lililoingiza vumbi jeupe la magadi kila upepo ulipotoka ziwani. Juu ya sanduku ilikaa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ambayo Naftali aliinunua kwa mpishi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tulikutana kila Jumapili saa nane, tukaachana saa kumi na moja, maana siku hizo za hali ya hatari hakuna aliyetaka kukutwa njiani giza likiingia. Naftali akiwa amepitia Naivasha alileta samaki, Roda akawakaanga kwa kitunguu kingi, tukala na ugali kwenye sufuria moja, mikono ikanawishwa kwa sabuni mara mbili. Hakuna aliyegusa santuri kabla Roda hajanusa vidole vyake. "Wewe bado una samaki," aliniambia. "Rudi kwenye bomba."

Kijiko mwenyewe, kwa wasiomkumbuka, aliimba kwa gita na vijiko viwili, akivigonganisha kwenye goti mpaka ungedhani kuna mtu wa tatu chumbani. Nyimbo zake zilikuwa za kuchekesha, na alikuwa na namna ya kutocheka yeye mwenyewe. Aliimba juu ya mtu aliyenunua baiskeli, akaibeba kichwani miaka miwili ili matairi yasiishe. Aliimba juu ya mwalimu wa dini aliyehubiri dhidi ya pombe huku mtungi unachemka chini ya kitanda, akalazimika kuinua sauti ya mahubiri kadiri mtungi ulivyozidi kuchemka. Jirani yetu, Mama Auma, hakuwahi kuingia chumbani lakini hakukosa Jumapili hata moja. Alisikiliza kupitia ukutani na kucheka na kugonga kwa mwiko. "Rudieni hapo pa baiskeli!" Naftali anamjibu, "Sheria hairuhusu, mama!" "Sheria ya nani? Ya Bwana DC?" "Ya Samweli!" "Huyo mtoto mwambie kwa sheria hizo ataoa gavana."

Sheria ilikuwa yangu kweli. Hakuna santuri kupigwa zaidi ya mara moja kwa siku. Sindano za chuma hazikutumika kabisa, kwa sababu chuma hukwangua mifereji ya sauti; tulitumia miiba ya mgunga, ambayo niliikata mwenyewe karibu na ziwa, nikaikausha kwenye dirisha la karakana na kuichonga upya baada ya kila upande. Mwiba hutoa sauti ndogo, lakini hauli santuri. Kila kilichonunuliwa kiligawanywa kwa tatu sawa, na nilikiandika kwenye daftari: namba, jina la wimbo, siku, mahali. Januari hadi Julai tulinunua mbili kila mwezi, nyingine dukani, nyingine kwa askari wa kambi ya Lanet waliohamishwa, moja kwa dereva kule Naivasha ambaye mkewe aliichukia. Hata zilizokwisha kutumika tulizilipia bei ya dukani, shilingi tano na senti arobaini, ili hesabu isipinde. Naftali aliona ni wazimu. Roda alisema afadhali wazimu wenye daftari. Ndiye aliyeshona albamu: mifuko kumi na minne ya karatasi ngumu ya kaki, ikaunganishwa na kupewa jalada la kitambaa cha pazia. Alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Mwanzoni mwa mwaka ule memsahibu wake alimkata mshahara kwa kuharibu santuri moja ya pale nyumbani alipokuwa akiisafisha. Hakutueleza aliiharibu vipi, nami, niliyejisifu kwa kuandika kila kitu, sikumwuliza.

Kuhusu santuri zinavyoharibika nilifundishwa na Mistri. Mwezi wa Machi nilikanyaga namba nne, ikapasuka; mwenye duka la santuri akatuhurumia, akatupa nyingine bure. Ile mbovu nikaileta karakanani nione imetengenezwa kwa nini. Nikaiweka kwenye benchi, karibu na chupa ya spiriti. Polishi yetu tuliipika kwa vipande vya lakiri vilivyoyeyushwa katika spiriti. Hilo lilikuwa jambo la kila siku. Chupa ikavuja, na jioni nilipoinua kile kipande cha santuri kilikuwa kimebaki kinanata, na vidole vyangu vimekuwa vyeusi. Mistri akanusa, akacheka katika ndevu. "Wewe jua santuri iko nini? Iko lakiri. Polishi iko lakiri. Mama moja." Nikaandika kwenye daftari: *Santuri na polishi, mama mmoja. Spiriti isikaribie.*

Namba tisa ilikuwa "Kazi ya Mbwa". Mpishi wa Bwana mmoja anamwona mbwa wa nyumba anakula maini, analala sebuleni, anatembea mjini bila kipande cha kitambulisho, na hakuna polisi anayemsimamisha; basi mpishi anakaa na kumwandikia Bwana barua ya heshima kuomba kazi ya mbwa, akitaja uzoefu wake wa kubweka. Roda aliisikia dukani, akanunua kwa pesa yake yote siku hiyohiyo bila kutungoja; mafungu yetu tulimrudishia Jumapili. Jumapili ile alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kwa waajiri wake Milimani kulikuwa na mbwa wa namna hiyo, na maini yake aliyakata Roda. Kesho yake watu wawili wa serikali wenye suti za kaki wakaingia dukani na kuchukua nakala zote zilizobaki. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Kwa hofu ya upekuzi nilifuta majina yetu kwenye jalada la albamu. Niliyaacha kwenye daftari tu, na daftari nikalificha karakanani. Nilidhani nalinda mali yetu. Nilikuwa naifanya iwe mali ya mtu yeyote.

Elifazi alikuwa muuzaji katika duka lile la santuri, mali ya Mhindi mmoja mpole aliyependa zaidi redio. Alikuwa kijana wa tai, mwenye sauti iliyopakwa siagi. Alituwekea santuri mpya kabla hazijapangwa, na kwa hilo tulimkaribisha Jumapili mbili tatu, akala samaki wetu. Habari zilipokuja kwamba Kijiko atapiga Nakuru, mchana kwa sababu ya kafyu, Elifazi akasema yeye anaweza kuingia nyuma ya jukwaa. Apewe albamu, aombe saini, ataje majina yetu. Nikamwandikia majina matatu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Ukumbi ulijaa. Askari wa Lanet mbele, watu wa reli katikati, sisi watatu nyuma tumesimama. Baada ya nyimbo nne Kijiko akaweka gita chini. "Nakuru! Nani hapa amenunua santuri yangu? Sisemi aliyeazima kwa shemeji. Aliyenunua!" Vicheko. Elifazi akatokea pembeni ya jukwaa na albamu yetu. "Ngapi?" akauliza Kijiko. "Zote, bwana." "Zote? Hata mama yangu hana zote!" Ukumbi ukalipuka. Kijiko akafungua albamu, akapitia mfuko mmoja baada ya mwingine, na nilimwona ameacha kuigiza. Akauliza jambo kwa sauti ya chini. Roda akanishika mkono. Tulijua ameuliza zimekusanywa na nani. Elifazi akaweka kiganja kifuani. "Mimi, bwana. Peke yangu. Mwaka mzima sijanunua viatu." Viatu vyake vilikuwa vipya. Ile karatasi ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Niliona pembe yake nyeupe hadi mwisho wa onyesho. Kijiko akatoa kalamu, akaandika kwenye jalada la Roda, akasoma kwa watu wote: "Kwa Elifazi, rafiki wa kweli." Wakapiga makofi. Naftali naye akapiga, mara mbili, mikono ilikuwa imezoea, kisha akaitazama mikono yake.

Jumatatu nikamfuata dukani. Sikupaza sauti, sijawahi kuwa mtu wa kupaza sauti. "Elifazi, tumekuja kuchukua albamu." Akaendelea kufuta kaunta. "Albamu gani?" "Unaijua." "Ninayo moja yenye jina langu na saini ya Kijiko. Lako limeandikwa wapi, kaka?" Nikamwambia nina daftari. Akainama, akanong'ona kama anayenipa siri njema: "Basi lipeleke polisi. Waambie na santuri namba tisa inaitwaje. Nitakuja kukuangalia jela, nikuletee mkate." Mwenye duka akauliza kutoka ndani kama kuna shida. "Hapana, bwana," akasema Elifazi. "Huyu anataka sindano."

Watu husema hasira hupoa. Yangu haikupoa, ilikauka, kama miiba ile dirishani, na kitu kikavu huchongeka vizuri. Mwezi wa Septemba Elifazi akaingia ubia na mtu mwenye hoteli ya chai karibu na stendi ya mabasi, akahamishia albamu huko. Aliacha duka. Santuri zetu zikaanza kulia tangu saa nne asubuhi, kwa sindano ya chuma isiyobadilishwa, kati ya moshi wa kuni na karai la mandazi. Namba tisa tu hakuthubutu kuipiga. Aliiacha ndani ya mfuko wake wa karatasi, chini ya kaunta. Nilikwenda kila Jumamosi. Nilinunua chai ya senti kumi, nikakaa kwenye benchi la mlango, nikasikiliza. Baiskeli ilianza kukwaruza Septemba mwishoni. Mtungi wa mwalimu wa dini ukapoteza mchemko wake mwezi wa Oktoba. Nyumbani niliandika kila uharibifu mbele ya namba yake. Elifazi aliniona na hakunifukuza. Nafikiri alipenda niwepo. "Mpeni Samu chai kubwa," alisema siku moja kwa sauti ya kusikika. "Huyu ni shabiki wangu."

Roda alikuwa na shauri lake. Novemba aliniambia amezungumza na Elifazi juu ya namba tisa, na kwamba Elifazi amekubali kumrudishia. "Lini?" nikauliza. "Ataniambia," akasema, akatazama pembeni. Nilifurahi kwa ajili yake na nikaona wivu pia, kwamba yeye atapata kitu na mimi nitapata chai. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Siku nne baadaye, Alhamisi, Elifazi akaingia karakanani amevua kofia. Mistri alikuwa akipima mbao. "Samu, ndugu yangu," akasema Elifazi, "yaliyopita si ndwele. Kijiko anarudi Jumamosi. Anakuja na watu wanaomrekodi, watakunywa chai kwangu. Anataka santuri zake zipigwe, wale wageni waone watu wanavyocheka. Wanatafuta wakala wa bonde lote la ufa." Akaugusa mkono wangu. "Zimeshika mafuta kidogo. Nimeambiwa wewe una dawa."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha polishi. Nakumbuka mbele yangu kulikuwa na mlango wa kabati, na uso wa Elifazi ulikuwa ndani yake, kichwa chini. Ningeweza kumwambia maji ya uvuguvugu na kitambaa cha mahameli. Ndiyo dawa, nimeitumia maisha yangu yote. Nikasema, "Hapa kwetu hakuna kitu kinachotoa mafuta kama spiriti." Kwa mbao huo ni ukweli mtupu. "Lowesha pamba. Sugua kufuata mifereji, usikate. Kisha anika juani dakika ishirini." "Zote?" "Zote. Ukisafisha moja moja sauti zitatofautiana." Akafikiri. "Na ile namba tisa? Wageni wale hawatoki serikalini. Nataka nimalizie hiyo." Nikafunga kizibo cha chupa polepole zaidi ya ilivyohitajika. Akilini nilimwona Roda amekaa sakafuni anacheka. Nilijua amekwisha ahidiwa ile santuri. Nikasema, "Hiyo ndiyo uisugue zaidi."

Akaenda na chupa. Mistri hakuinua macho kwenye mbao. "Ile spiriti nani nalipa?" "Mimi, Mistri. Kata kwa mshahara." "Senti sitini." Akaweka alama ya penseli kwenye ubao, akasema kwa upole, kama anayeongea na ubao, "Mama moja, Samweli. Mimi nasema wewe mwezi ya tatu."

Jumamosi saa nane na nusu nilikuwa kwenye benchi langu na Naftali kando yangu. Hoteli ilijaa hadi jikoni. Kijiko alikaa meza ya katikati na wageni wawili, mandazi mbele yao, vijiko vyake mfukoni. Elifazi amevaa tai mpya. Alitoa namba moja kwenye mfuko wa karatasi, na hata kutoka mlangoni niliona haing'ai. Ilikuwa na rangi ya jivu, na karatasi iliyoshonwa na Roda ilitoka nayo, imenata. Akaibandua. Nafikiri alijua pale pale. Lakini watu walikuwa wanatazama, naye alikuwa mtu wa kutazamwa, akaiweka, akazungusha mkono wa gramafoni, akashusha sindano. Sindano ikateleza kutoka ukingoni hadi katikati kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Kisha ikatoka sauti ya mbuzi ndani ya gunia. Watu wakacheka kwa nguvu. Walidhani ni wimbo mpya. Kijiko naye akacheka. Elifazi akaweka ya pili. Mbuzi. Akaweka ya tatu, vidole vyake sasa vyeusi hadi kwenye kiungo, na alipojifuta jasho akabaki na mstari mweusi juu ya paji la uso. Kicheko kikabadilika. Mtu akasema, "Pole pole, bwana, umemkanyaga huyo mnyama!" Alipofika ya tano Kijiko akainua mkono.

"Nani amezifanya hivi?"

Elifazi akageuka, akanioneshea kidole cheusi. "Huyo! Huyo Samu ndiye alinipa spiriti!"

"Spiriti?" akasema Kijiko. "Umezipaka spiriti mwenyewe?"

"Yeye ndiye anajua! Ndiye aliyekuwa akizitunza!"

Neno likamtoka, na hakuweza kulirudisha. Nikasimama. Nilikuwa na daftari ndani ya koti tangu asubuhi. Nikasoma bila haraka: namba moja, wimbo, siku, mahali, Samweli, Naftali, Roda. Namba mbili, wimbo, siku, mahali, Samweli, Naftali, Roda. Namba tisa nikaruka jina la wimbo. Kufika kumi na nne Kijiko alikuwa ameivuta albamu mbele yake na anatazama maandishi yake mwenyewe juu ya jalada. Akaifunga. Kisha akatoa vijiko viwili mfukoni, akaviweka kwenye goti, na kwa uso ule usiocheka akaanza kuimba juu ya dobi mmoja wa Nakuru aliyeona nguo zake hazitoshi, akafua nyimbo. Akazichemsha, akazianika, akazikunja, na kila aliyekuja kuchukua wimbo wake alipewa mbuzi. Askari wa Lanet waliingia kwenye kiitikio katika ubeti wa pili. Elifazi alisimama na tai yake na paji lake jeusi, na hakukuwa na mlango ambao angepitia bila kupita katikati yetu.

Toka siku ile jina lake likawa Dobi. Watoto walimwita Dobi sokoni, na wale wageni walimpa uwakala mtu mwingine. Kabla ya Krismasi alikuwa ameondoka Nakuru, na hakurudi ila baada ya miaka saba, mji ulipojaa watu wasiojua. Wapo watakaoniambia kwamba adhabu ilizidi kosa. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi, kwa uaminifu, na jibu langu ni kwamba nilitaka izidi.

Kijiko alinirudishia albamu mkononi. Tuliipeleka kwa Naftali, tukaiweka juu ya sanduku la buluu, na Mama Auma akagonga ukuta akingoja wimbo. Kesho yake, Jumapili, Roda alitoa namba tisa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa laini kama kigae cha bafu. Akairudisha kwenye mfuko wake. Miezi michache baadaye wale Wazungu walihamia kwingine, wakaondoka naye, na mimi sikumwandikia, kwa sababu barua yoyote ya kweli ingebidi ianze na maneno niliyomwambia Elifazi juu ya santuri yake. Naftali alifariki mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa nimebaki peke yangu na daftari, nikiamini kwamba kati ya hasara zote za mwaka ule, moja nilimtia mwenzangu kwa mkono wangu.

Basi kule Lanet, watu walipokwenda kunawa mikono, tulikaa wawili chini ya turubai, sahani za pilau magotini. Roda ana wajukuu sasa na mguu unaomsumbua. Tukaulizana habari za waliokufa. Kisha nikamwambia yote, hadi lile la kusugua zaidi. Akatafuna mpaka akamaliza.

"Samweli," akasema, "wewe na madaftari yako yote. Hukuwahi kujiuliza nani alimwambia una dawa?"

Nikaacha kula.

"Kule Milimani niliharibu ile santuri ya memsahibu kwa nini, unadhani? Nilimfutia kwa spiriti ya kidonda cha mtoto. Nilijua inavyofanya kabla Kalasinga wako hajakufundisha." Akachagua kipande cha nyama, akakiweka kando. "Elifazi alisema atanirudishia namba tisa. Nikaifuate mwenyewe. Chumbani kwake, jioni, nije peke yangu. Nikamwambia nitakuja, lakini kwanza ipigwe mbele ya watu, na zina mafuta. Nenda kwa Samu, yeye ana dawa ya mafuta."

"Na kama ningempa dawa ya kweli?"

"Wewe?" Akanitazama kama siku zile za bomba. "Nilikuwa nimekuona kwenye lile benchi la mlango, Jumamosi baada ya Jumamosi, unakunywa chai kama mtu anayepima kaburi."

Watu walianza kurudi kwenye viti. Mwana wa Elifazi akapita na sinia la soda, akatuuliza kama tumeridhika. "Sana, mwanangu," akasema Roda. Alipokwisha kupita akainama sikioni kwangu. "Ile spiriti ilikuwa pesa ngapi?"

"Senti sitini."

"Na sheria ilikuwa kwa tatu." Akafungua mkoba, akapekua chini ya dawa za mguu na funguo, akatoa sarafu mbili za senti kumi na kunitia kiganjani. "Za Naftali utamdai huko."

Usiku ule nilifungua daftari na kufunga ukurasa. Santuri kumi na nne zilitugharimu shilingi sabini na tano na senti sitini, fungu langu shilingi ishirini na tano na senti ishirini. Ongeza spiriti, senti sitini. Toa alizolipa Roda, senti ishirini. Hasara yangu ya mwaka wa 1957, jumla na mwisho: shilingi ishirini na tano na senti sitini.